Kuisikia Masama Ukiwa Chala

Holili, 11 Februari 2024

Kaka Aminieli,

Shikamoo. Mimi ni mzima, na majirani zangu hapa mpakani, ambao wanakujua kwa jina tu, wanakusalimu. Mfikishie salamu wifi Beatrice. Mwambie mbegu za maboga alizonipa zimeota zote, ila mbuzi wa jirani amezila zote pia.

Nimekupigia simu mara tatu, na mara zote umekata nilipofika kwenye neno "mama". Ndiyo maana nakuandikia. Barua huwezi kuikata katikati. Unaweza kuichana, lakini utakuwa umeshaisoma.

Kwanza nijibu ujumbe uliompa dereva wa gari la ndizi, kwamba kuna mtu wa Arusha anaitaka boti, niiuze nirudi nyumbani. Jibu ni hapana. Boti ile niliishusha ndani ya shimo la Ziwa Chala ikiwa vipande, mapipa, mbao na bati, migongoni mwa watu, na nati zake nilizikaza mwenyewe kule chini. Haiwezi kupanda tena ikiwa nzima. Anayeitaka lazima aivunje, na mimi siwezi kusimama hapo nikitazama inavunjwa. Isitoshe, tangu Krismasi hatujakosa watu mwisho wa juma. Wanakuja wenye familia zao kutoka Moshi, wanakwaya, maharusi wanaotaka picha juu ya maji. Wanateremka ule ukuta wakilalamika viatu, wakifika chini wananyamaza.

Sasa la mama. Mguu wake unaendeleaje? Naomba umlete akae nami kipindi cha masika. Huku hakuna utelezi wa huko kwenu, nyumba yangu haina ngazi hata moja, na jirani yangu ni muuguzi mstaafu. Mimi mwenyewe nitakuja kumchukua kwa gari. Wewe sema tu siku.

Ni mimi mdogo wako,
Ndelilio


Masama, 3 Machi 2024

Ndelilio,

Marahaba. Barua yako imekuja kwa sanduku la usharika, na jina langu likasomwa baada ya ibada. Kanisa zima likageuka kunitazama, maana siku hizi anayepata barua ni mwenye kesi. Safari nyingine mpe dereva wa ndizi.

Sisi wazima. Ng'ombe amezaa ndama jike. Kahawa imechanua vizuri, tunaomba mvua isiwe ya kupiga. Wifi yako anakusalimu na anasema mbuzi wa jirani huwa anafungwa kamba.

Mama anakula na analala. Hahami kihamba chake, shamba la ukoo, kwenda kukaa mpakani penye kelele za malori. Anayepaswa kuhama ni wewe. Huna mume wa kukuzuia wala mtoto wa kumtafutia shule. Chumba chako kipo, kitanda kipo. Mtu mwenye mama mgonjwa haendeshi watu kwenye maji kwa starehe. Tangu lini kucheza kukawa kazi?

Simu sitaki. Huko shimoni kwako haishiki, na ikishika unabishana. Kwa hiyo nakuambia mapema ili usije ukalalamika: siku ya mama ikifika, sitapiga simu. Nitapeleka tangazo redioni kama watu wote wanavyofanya. Utasikia, kama siku hiyo utakuwa unasikia.

Kaka yako,
Aminieli


Holili, 24 Machi 2024

Kaka Aminieli,

Shikamoo. Hongereni kwa ndama. Mpeni jina zuri, siyo kama yule mliyemwita Deni.

Umeandika mama anakula na analala. Mistari mitatu chini yake umeandika "mama mgonjwa". Nimesoma vyote viwili. Nisaidie kujua niamini kipi.

Ulidhani yale maneno ya redio yatanivunja moyo. Basi nitaitengeneza redio. Nasema kweli, siyo kwa hasira. Kama sauti ya nyumbani itanifikia kwa redio tu, basi redio ile itasikika mahali popote boti yangu inapofika, mashine ikiwa imewashwa au imezimwa.

Sasa hivi haisikiki. Ina sauti ya mafuta ya moto. Juzi kijana mmoja wa kwaya aliniuliza, "Dada nahodha, humu ndani kuna mtu anakaanga vitumbua?" Wote wakacheka, na mimi nikacheka. Lakini hao hao ikifika saa saba, baada ya habari, wanataka kimya. Unatujua. Mtu anaweza kuwa majini na keki mkononi, wakati wa matangazo ya vifo ukifika ataiweka keki chini asikilize nani amekufa upande wa kwao. Wakikosa kusikia wanakosa raha, wanataka kurudi nchi kavu. Kwa hiyo redio mbovu ni hasara kwangu hata bila wewe.

Nimeipeleka mjini kwa dada Gurpreet, yule aliyerithi duka la mafundi la baba yake. Akaiweka juu ya meza yake, ikaongea kama mchungaji. Akanirudishia.

"Redio yako nzima kabisa," akasema. "Wagonjwa ni majirani zake."

"Majirani gani?"

"Niambie imekaa wapi."

Nikamwambia: chini ya paa la bati, karibu na inveta inayoendesha friji ya soda, mbele ya mashine.

"Ungekaa wewe katikati ya hao watatu," akasema, "ungemsikia nani?"

Nitabadilisha kitu kimoja kimoja, na kila nikibadilisha nitaandika katika shajara yangu, nisije nikadanganywa na bahati.

Na kwa kuwa umeitaja redio wewe mwenyewe, nina swali. Sijawahi kukuuliza. Tangazo la baba nililisikia nikiwa majini, Jumamosi ile ya Julai 2021. "Ndugu Aminieli wa Masama anasikitika kutangaza kifo cha baba yake mzazi, Mzee Eliufoo." Hivyo ndivyo nilivyojua. Halafu, "Habari ziwafikie..." nikamsikia baba mdogo wa Machame, nikamsikia shangazi wa Arusha, kisha ukaja mkwaruzo, na mkwaruzo ulipokwisha nikasikia "na ndugu wote popote walipo." Nilifika nyumbani jioni ile ile, ukanionyesha kiti nyuma, pamoja na wageni.

Jina langu lilikuwemo ndani ya ule mkwaruzo, au halikuwemo?

Ndelilio


Masama, 28 Aprili 2024

Ndelilio,

Marahaba. Mvua imepita kiasi. Barabara ya juu imekatika karibu na kinu cha zamani na maziwa tunayabeba kichwani mpaka lami. Migomba kadhaa imelala. Ndama anaitwa Asante, kwa hiyo nyamaza.

Mama anauliza kama unavaa sweta. Nimemwambia Holili ni joto. Anasema hata hivyo.

Mambo ya inveta siyajui na sina haja nayo. Usinifundishe redio, mimi ninayo ya betri, inasikika.

Kuhusu tangazo la baba, limepita. Na usijifanye ulikuwa hujui kitu. Siku ile ulikuwa unasikia vizuri tu. Nilikuona.

Aminieli


Holili, 19 Mei 2024

Kaka Aminieli,

Shikamoo, na poleni na barabara. Mwambie mama sweta ninalivaa asubuhi, maana kule chini jua huchelewa kufika. Asijue kwamba saa nne nalivua.

Nakuletea habari za redio hata kama huzitaki. Nilianza na inveta. Nilipoizima, nusu ya kelele ikaondoka palepale, nikaona aibu kwa miaka niliyoilaumu stesheni. Nimeihamishia nyuma kabisa, ndani ya sanduku la chuma. Kisha nikabadilisha plagi za mashine. Dada Gurpreet alinipa za aina nyingine, zinazozuia ile cheche isiruke mpaka redioni. Ule mlio wa kupanda na kushuka, uliokuwa ukifuata mwendo wa boti, umekwisha. Tatu, waya wa antena. Nilipoufungua kwenye soketi ulikuwa umeoza, kijani kama mboga. Nne, antena yenyewe nimeitoa chini ya bati na kuifunga juu ya mwanzi mrefu kuliko paa.

Sasa tukiwa mashariki ya ziwa, karibu na upande wa Kenya, inasikika. Tukirudi magharibi, chini ya ukuta wetu, inazama. Abiria wangu wanasema redio yangu imehamia Kenya bila pasi.

Hayo yote ni kuzungukazunguka. Umeandika "Nilikuona." Nimelisoma neno hilo mpaka nimelichosha. Siku ile mimi nilikuwa ndani ya shimo la Chala, na wewe ulikuwa Masama na maiti ya baba. Mlima mzima ulikuwa kati yetu. Uliniona wapi?

Ndelilio


Holili, 4 Agosti 2024

Kaka,

Shikamoo. Juni imepita, Julai imepita. Dereva wa ndizi anaapa kwamba barua alikupa mkononi, ukaiweka mfuko wa koti, siyo wa shati. Mimi namwamini.

Basi, kama hutaki kusema ulichokiona, nitakueleza ninachosikia.

Dada Gurpreet alikuja Jumapili iliyopita kuiona boti kwa macho yake. Alikuja na antena aliyoikata mwenyewe kwa mabomba membamba ya alumini, ina miiba kama mgongo wa samaki. Alisema inasikia upande mmoja tu, ule inakoelekea, na inayapa kisogo mengine. Siku hiyo alikuwepo pia Mama Rozmin, yule aliyekuwa na sherehe yake kwenye boti siku ya tangazo la baba. Huja kila mwaka.

Tukasimama palepale chini ya ukuta wa magharibi, pabaya kuliko pote. Dada Gurpreet akaielekeza antena Moshi, kwenye mitambo. Kimya. Akainua kidogo. Kimya.

"Nilijua," Mama Rozmin akasema. "Vitumbua vimeiva lakini redio bado."

Ndipo dada Gurpreet akaigeuza antena yote, akaielekeza Kenya.

"Sasa unatafuta nini huko?" nikamwuliza. "Moshi iko nyuma yako."

"Nyamaza, nasikiliza."

Na ikaja, kaka. Sauti ya mtangazaji wetu ikaja safi, ikitokea Kenya. Dada Gurpreet alinieleza hivi: ukuta wa magharibi uko juu yetu, unatuziba. Wimbi la redio linapita juu ya vichwa vyetu, linakwenda kugonga ukuta wa mashariki, unaolitazama waziwazi, halafu linarudi. Sisi tunalipokea likiwa linarudi.

"Kwa hiyo," nikamwambia, "ili niisikie Moshi lazima niipe mgongo."

"Humu ndani, ndiyo," akasema. "Mtu asiyejua akikuona ataona umekosea."

Na hiyo ndiyo sababu, miaka yote kabla ya antena hii, nilikuwa naendesha mashariki kila nilipotaka kusikia vizuri. Nilijua kwa mkono, sikujua kwa akili.

Nangoja jibu. Simu yangu iko wazi pia, lakini najua.

Ndelilio


Masama, 1 Septemba 2024

Ndelilio,

Marahaba. Wote wazima. Kahawa tunachuma.

Barua yako ya Agosti nimekaa nayo. Umeandika mengi kuhusu antena, lakini kuna sentensi moja humo, ile ya kuendesha mashariki, imenikosesha usingizi. Kwa hiyo nitakuandikia nilichokiona, mara moja, na usiniulize tena.

Baba alikufa alfajiri. Nilikaa mezani kuandika tangazo, mama amekaa pembeni. Nikaandika baba mdogo, nikaandika shangazi, nikafika kwako. Nimeshaandika "Ndelilio wa" mama akanishika mkono. Akasema, "Futa hilo. Huyo ni mtu wa nyumbani. Mtu wa nyumbani hatangaziwi, anafuatwa." Nikafuta. Beatrice akalipeleka tangazo mjini, na mimi nikaazima gari la jirani nikaja Chala kukufuata.

Kwa hiyo swali lako limejibiwa. Jina lako halikuwemo.

Nilifika juu ukingoni saa saba imeshapita. Nikaiona boti yako kule chini, ndogo kama kiberiti. Maputo yamefungwa kwenye nguzo. Muziki umefunguliwa mpaka unapanda ukutani. Nikakuita. Nikavua koti nikalipunga. Wewe ndiye uliyekuwa kwenye usukani, nilikujua kwa ile kofia ya baba uliyoichukua. Ukageuza boti, ukanipa mgongo, ukaenda Kenya.

Nikasema, basi. Tangazo limeshasomwa, amesikia, ameniona, na amechagua sherehe. Nikaendesha gari kurudi kumzika baba. Mama aliponiuliza nikamjibu sikukukuta. Mpaka leo anajua hivyo.

Sikuweka jani la isale ndani ya bahasha hii, maana siombi msamaha. Nilikuja. Ulikuwa wajibu wangu kuja na nilikuja.

Aminieli


Holili, 8 Septemba 2024

Kaka Aminieli,

Shikamoo.

Muziki uliousikia ulikuwa tangazo la sabuni. Baada ya vifo huwa wanaweka matangazo ya biashara. Mimi nilikuwa nimesikia "Mzee Eliufoo", nimesikia majina mawili, kisha mkwaruzo, na nikafungua sauti mpaka mwisho nikitumaini watarudia kusoma, kwa sababu kuna siku hurudia. Watu wa sherehe walikuwa wamesimama wote, hakuna aliyekuwa anacheza. Mama Rozmin alikuwa ameshika bega langu. Muulize, yupo mjini, duka la vitambaa nyuma ya soko.

Nilikwenda mashariki kwa sababu mashariki ndiko redio inakosikika. Sikuwa nakukimbia. Nilikuwa nakufuata wewe, kaka, sauti ya tangazo lako, nisikie kama umenitaja. Na wewe ulikuwa juu yangu unanipungia koti.

Mashine inapiga kelele, redio inapiga kelele, ukuta ule una kimo cha jengo refu. Mtu akiita kutoka juu, chini tunasikia ndege tu.

Nimelia na nimemaliza, kwa hiyo sikiliza yafuatayo. Na mimi siombi msamaha. Nilikuwa kazini, na kazi siyo kosa. Ulisimama pale juu, palipo na njia ya kuteremka. Watoto wa shule wanaiteremka, wazee wa kwaya wanaiteremka. Wewe ulinitazama kutoka juu, ukahukumu, ukaondoka. Halafu ukaniweka kwenye viti vya wageni, mimi ambaye mama alisema ni wa nyumbani. Miaka mitatu umenificha neno hilo la mama. Ungenipa neno hilo tu, ningelala.

Mwambie mama ukweli. Usipomwambia, nitamwambia mimi, na nitamwandikia barua kwa sanduku la usharika, isomwe jina lake baada ya ibada.

Boti siiuzi.

Ndelilio


Masama, 8 Desemba 2024

Ndelilio,

Marahaba. Sijui kama habari imeshakufikia, maana huku haijabaki nyumba ambayo haijafikiwa.

Nilimwambia mama. Nilichelewa, lakini nilimwambia, mwezi uliopita. Alimaliza kumenya ndizi, akanawa, akamwita Beatrice chumbani wakafunga mlango. Nikadhani wanasali.

Jumamosi iliyopita nilikuwa bandani nakamua, nimechelewa kukamua siku hiyo, redio yangu ya betri iko juu ya ndoo. Saa saba ikafika, vifo vikaanza. Nikasikia, "Elinipendo, mjane wa marehemu Mzee Eliufoo wa Masama..." Nikamwaga maziwa. Nimemwacha mama jikoni muda si mrefu! Mtangazaji akaendelea, na nakuandikia maneno yenyewe kwa sababu Beatrice ana nakala: "...anamtangazia binti yake Ndelilio wa Ziwa Chala kwamba yeye hajafa. Mguu unauma lakini kichwa hakina neno. Anasema siku yake ikifika Ndelilio asitangaziwe, afuatwe, na anayemfuata ateremke mpaka chini. Habari zimfikie pia mwanawe Aminieli, aliyeko bandani."

Beatrice anasema yule kijana wa stesheni alikataa, akamwambia saa ile ni ya vifo. Wifi yako akamjibu mama mkwe wake ni mwenye zamu ya karibu kuliko wengi, na kwa hiyo ana haki. Kijana akaandika.

Sasa sikia maafa. Nusu ya Masama haina redio nzuri kuliko yako ya zamani. Walisikia "Elinipendo, mjane wa marehemu" na hawakungoja zaidi. Kabla sijamaliza kuokota ndoo, kina mama walikuwa wameshaingia uani na sukari na kuni, wanalia. Mzee Godbless wa ng'ambo ya mfereji alikuja na jembe tayari, kwa ajili ya kaburi. Wakamkuta marehemu amekaa jikoni, anawatazama. Akawaambia, "Karibuni. Sukari wekeni hapo. Machalari ya ndizi yako karibu kuiva." Walikula wote, Ndelilio. Wakanywa na pombe ya mbege niliyoiweka kwa ajili ya Krismasi. Mzee Godbless alikataa kurudi na jembe lake, anasema kulirudisha ni mkosi, liko hapa mpaka leo.

Mimi watu wananiita Bwana Bandani.

Kwa hiyo lile nililoandika Machi, kwamba nitatangaza, mama amelifuta kama alivyofuta lile la kwanza. Siku hiyo nitakuja. Nitateremka mpaka majini, viatu vichafuke.

Lakini isiwe siku hiyo tu. Mama anataka kuiona boti Krismasi. Kuteremka hawezi, atakaa kiti pale ukingoni akutazame. Nitamleta mimi. Tutakuja siku moja baada ya sikukuu, mchana.

Dereva wa ndizi atakupa na kipande cha isale, kimefungwa kwa gunia lililoloa maji. Usielewe vibaya. Ni ya kupanda mpakani. Kila kiwanja kinahitaji isale ya mpaka, na wewe unajifanya una kiwanja.

Boti bado siipendi. Nilitaka ulijue hilo pia.

Kaka yako,
Aminieli


Holili, 15 Desemba 2024

Kaka Aminieli, Bwana Bandani,

Shikamoo. Mpe mama shikamoo yangu ya magoti, na wifi Beatrice mwambie namheshimu kuanzia leo kwa namna nyingine kabisa.

Nilisikia. Nilikuwa chini ya ukuta wa magharibi, pale pabaya, mashine imewashwa, friji imewashwa, familia nzima iko ndani na watoto wanagombania jaketi za kuokolea. Antena ilikuwa imeelekea Kenya. Nilisikia kuanzia "Elinipendo" mpaka "bandani", na hapakuwa na mkwaruzo hata chembe. Nilipomsikia mtangazaji akitamka jina langu niliachia usukani, na baba mmoja wa ile familia akaushika bila kuniuliza. Kisha wakanipigia makofi, hata wasiojua kwa nini. Katika shajara yangu ya siku hiyo nimeandika: redio imepona.

Isale imefika ikiwa mbichi. Nimeipanda juu ukingoni, penye mdomo wa njia, na imeshika. Kwamba ni ya mpaka, nimekubali. Sitamwambia mtu vinginevyo, na wewe usimwambie mtu vinginevyo.

Boti siiuzi, na wewe huipendi, kwa hiyo hapo tumeelewana.

Sasa kuhusu siku mtakayokuja. Redio nimeitengeneza, lakini redio haiwezi kunionyesha mtu aliyesimama juu yangu. Kwa hiyo kando ya ile isale nimetundika ringi ya gari, ya lori la hapa mpakani, nzito, kama ile iliyokuwa ikituita darasani. Nimeijaribu. Mtu akiigonga, mlio unashuka ukuta wote, unapita juu ya mashine na redio na kwaya, chini tunaacha kuongea.

Mkifika, mkalishe mama kwanza, kivuli kiko upande wa kulia. Usiite, na koti lako usilivue. Chukua chuma kilichofungwa hapo kwa kamba, ugonge.

Nitageuza boti.

Ndelilio